Firigisi ya Dereva

Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru kila mtu alikuwa na kamati yake, na kaunsili yetu ya Kakamega haikutaka kuachwa nyuma. Iliungana na kaunsili mbili jirani, ya upande wa ziwa na ya upande wa milima, ili watalii wasiishie pwani na mbugani tu. Mimi nilikuwa mpiga taipu pale ofisini, kwa hiyo maneno yao yote yalipita vidoleni mwangu, pamoja na ugomvi wa jina la nani litangulie kwenye kibao cha barabarani. Mwishowe walipatana. Wa ziwani watatoa basi na dereva, wa milimani mahali pa kulala, sisi msitu na chakula cha mchana. Kibao wakakiweka kiporo.

Msitu haupikwi, chakula kinapikwa. Wakachagua kwa mama yangu, maana boma letu lilikuwa mwisho wa barabara, pale miti ilipoanzia. Mama alikubali, ila akasema wageni wasiusogelee mgomba ulio nyuma ya nyumba.

Mgomba ule ulikuwa kaburi la baba. Alikwenda kwenye vita vya Wazungu kabla sijajua kutembea, na hakurudi wala habari yake haikuja. Ukoo ulipochoka kungoja ulifanya kama ifanywavyo kwetu mtu akipotelea mbali. Walichukua shina la mgomba, wakalifunga katika blanketi lake lenye mstari mwekundu, wakalilia, wakalizika. Ila walilichukua na mizizi yake, likachipuka. Lilizaa miaka yote ile na mama hakutuonjesha hata ndizi moja. Niliuogopa mgomba ule, sioni haya kusema. Hata siku isiyo na upepo majani yake yalikuwa yakisuguana.

Mtu aliyezikwa hivyo akirudi hai, haingii tu. Haitwi kwa jina wala havuki lango, mpaka kilichozikwa badala yake kifukuliwe. Mtoto yeyote wa kwetu anayajua hayo.

Basi likaja Jumamosi, na Wazungu wachache wenye darubini. Niliwapeleka kuona tumbili na vipepeo, nikiwaeleza kwa Kiingereza changu cha ofisini. Tuliporudi waliingia bomani kula. Dereva hakushuka. Alikuwa mzee mwembamba, kofia imemfunika macho, na kwa joto lote lile alijifunika blanketi magotini. Basi aliliegesha nje kabisa ya lango.

"Mzee, karibu chakula," nikamwambia.

"Nitakuria hapa," akajibu. "Hiyo mlango sio yangu leo."

Mama alikuwa akipakua jikoni. Aliisikia sauti ile, mkono ukamsimama. Akajaza sahani obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na juu kabisa akaweka firigisi.

Firigisi ya kuku kwetu ni ya mwenye nyumba, basi. Mgeni hapewi, awe padri, awe diwani. Tangu baba azikwe, mama alikuwa akiitupa motoni.

"Mama, hiyo ni ya nani?"

"Peleka. Mwenyewe anaijuanga."

Sahani ilirudi na ugali mzima na nyama yote. Firigisi haikuwepo.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mama alianza kukandika kuta upya na kujifunga leso aliyokuwa ameificha sandukuni. Langoni hakwenda, kwa kuwa hakuruhusiwa kumwita, lakini alisimama mlangoni mwa jiko akilitazama basi mpaka chakula kikapoa. Mimi nilijaribu kuuona uso wa yule mzee. Kila nikimkaribia aligeukia msituni.

Siku moja alinirudishia sahani akasema polepole, "Ambia mama hiyo ndizi inanikabanga shingo."

Kutoka barabarani mgomba hauonekani, nyumba inauziba.

Nilipomfikishia mama maneno hayo alikaa chini akacheka, kisha akalia, kisha akaenda mbio kwa wazee wa ukoo. Wakakubaliana kuja Jumamosi iliyofuata na kondoo, wafukue, wamwingize nyumbani kwake.

Wiki hiyo hiyo madiwani wakakikumbuka kibao. Kila kaunsili ilitaka jina lake liwe juu, watu wazima wakapigiana meza, umoja ukavunjika. Nilichapa barua za kuachana huku nikiwalaani mmoja mmoja. Basi halikuja.

Wazee walifukua hata hivyo. Waliling'oa shina na mizizi yote, na blanketi hawakuliona. Blanketi huoza, najua, sihitaji kuambiwa. Mama aliketi kando ya shimo na leso yake, akitazama barabara hadi jua likazama.

Nikaenda mwenyewe upande wa ziwa, kwenye yadi ya magari, nikamwulizia dereva wa basi la Kakamega. Wakaniitia kijana mmoja mnene, akanicheka.

"Dada, si ni mimi nilikuwa nawaletea Wazungu kila Jumamosi? Mama yako hakunipa hata chai. Nilikuwa nalala kwa usukani na njaa, nikiamka naona mmeondoa sahani."

Nilirudi nyumbani. Mama sikumwambia kitu. Shimo alikataa lifukiwe, na tangu hapo kila akichinja kuku alipakua sahani nzima akaiacha nje ya lango. Tulipoiendea, ugali ulikuwa mzima, nyama yote ipo, ila firigisi.

"Ni mbwa," nikamwambia.

"Mbwa gani anachaguanga?" Akaifuta sahani kwa ncha ya leso, akatazama barabara. "Anakula vizuri. Mgomba tumeng'oa, lango liko wazi. Sasa ni nini inamzuia kuingia?"

Nilichukua sahani mkononi mwake nikaenda kuiosha.