Palizi Niliyoifanya Kwenye Ukungu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki. Nikaacha shule darasa la pili, nikashika jembe. Kilichonitoa kwenye umaskini ni mpangilio: kila kazi na saa yake. Jirani yangu Kobelo hana ratiba. Mbele ya kikundi chetu cha wakulima nilimwita mvivu, nikawaalika wote Jumamosi saa nne waje waone palizi ya mtu anayejipanga.

Asubuhi hiyo ukungu wa Uluguru ulishuka hadi sioni vidole vyangu vya miguu. Nikahesabu matuta kwa kupapasa, nikaanza kupalilia kabichi. Raha gani! Nilikuwa kama naelea mawinguni, hata uzito wa jembe siusikii. Matuta matatu yakaisha, safi kabisa.

Ukungu ukainuka. Kikundi kizima kilikuwa kimesimama kinanitazama, Kobelo mbele, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mzee. Ahsante sana. Na hilo la nne utanimalizia leo?"

Nilikuwa shambani kwake.

Leo hii nina nyumba ya bati, ng'ombe wawili, mizinga sita ya nyuki, na matuta matano ya kabichi. Yote yana magugu.