Mikono Minne ya Chokaa

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Mbeya mnatangaziwa kwamba swali lililowatesa wenye nyumba tangu ukuta wa kwanza uliposimamishwa duniani, yaani sebule ipakwe rangi ya joto au rangi ya baridi, limepata mtaalamu wake. Mtaalamu anaitwa Jailos. Ana brashi mbili, moja kati yake ina nywele. Tafadhali vueni kofia.

Jailos alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba kama ngazi aliyoibeba, na mwaka huo wa 1956 alikuwa ametimiza miaka tisa ya kupaka kuta za watu. Habari za joto na baridi alizipata Mbozi, kwa mke wa mkulima mmoja wa kahawa, mama wa Kizungu aliyezoea kusimama katikati ya chumba, akafumba macho, akasema ukuta wa njano unamkumbatia na ukuta wa buluu unamsukuma. Jailos alisikiliza kwa adabu. Yeye ukuta ulikuwa haujawahi kumkumbatia wala kumsukuma, lakini maneno yale aliyaweka akiba, akawa anawatolea wateja wa mjini, nao wakamwona msomi.

Alichokitaka ni kitu kimoja: kazi ya kudumu Iringa. Kule zilikuwa zinajengwa nyumba za maofisa, na msimamizi wa mafundi, Mhehe mmoja aitwaye Bwana Liberatus, alikuwa amempelekea habari kwamba Ijumaa atapita Mbeya na lori, akague chumba kimoja alichokipaka. Kimoja tu. Akikipenda, atamchukua papo hapo. Jailos alikuwa amechoka na vibarua vya leo hapa kesho pale, kwa hiyo akachagua sebule nzuri kuliko zote alizoahidiwa wiki ile. Ilikuwa sebule ya Mika, karani wa posta, kwenye nyumba mpya ya matofali chini ya mlima Loleza. Mika mwenyewe alikuwa kikazi Tukuyu mwezi mzima, na agizo aliloliacha ni kwamba wapake watakavyo, mradi wasigombane.

Hawakugombana. Laiti wangegombana.

Wenye neno la kusema walibaki wawili: Mzee Isakwisa, baba yake Mika, aliyetoa matofali, na Sekela, mke wa Mika, aliyetarajiwa kuishi humo. Anayewajua Wanyakyusa keshashika kichwa. Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawakai chini ya bati moja. Mzee akitaka kufika kwa mwanawe hukohoa tangu barabarani, kikohozi cha mtu mwenye afya njema kabisa, na Sekela hujifunika kanga, akatokea mlango wa nyuma, akaingia migombani. Ni heshima, tena heshima nzito. Hata mchungaji alikuwa ameacha kuikemea mimbarani.

Maana yake sebule ile ilikuwa inapakwa kwa ajili ya watu wawili ambao, mpaka wanazikwa, wasingekaa ndani yake kwa wakati mmoja. Mtu mwenye akili angepaka rangi yoyote akaenda zake. Jailos aliwauliza.

Jumatatu mzee alisema buluu. Buluu kama ya bomani, rangi ya mahali ambapo watu husema kwa zamu. Jailos akakoroga buluu ya kufulia kwenye chokaa, akapaka. Mzee alipoondoka, Sekela akatoka migombani, akasimama mlangoni amejikunyata. Akasema huu ni mwezi wa saba, Mbeya nzima inatetemeka, na sasa ameletewa baridi nyingine ndani ya ndoo. Mama yake alikuwa akisiriba nyumba kwa udongo wa njano, na mtu akiingia alisikia joto hata kama moto umezimika.

"Lakini usimwambie baba," alisema. "Mimi nimesema tu."

Jailos akamwambia baba. Hilo ndilo kosa lake, na alilifanya kwa nia njema kabisa.

Jumanne mzee alipopata habari kwamba mkwewe anasikia baridi, alisema yeye si mtu wa kumtesa mke wa mwanawe. Apewe joto lake. Jailos akakoroga udongo wa njano, akapaka juu ya buluu iliyokuwa haijakauka sawasawa. Sekela alipouona ukuta, akaziba mdomo kwa kanga.

"Umeniua, kaka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyefuta neno la baba? Kanisani watanitazamaje?"

"Si ulitaka njano?"

"Kutaka kulikuwa kwa mdomo. Rudisha buluu ya watu."

Jumatano buluu ikarudi. Mzee akakohoa, akaingia, akatazama, akauliza Jailos ana ugomvi gani na ukoo wake. Yeye katoa zawadi, zawadi imefutwa. Basi ama mkwe kaikataa, ama fundi kaula ule udongo. Jailos akaeleza. Akaeleza tena. Mzee akasema heshima ya Sekela imemgusa sana, na kwa sababu hiyohiyo njano lazima irudi. Alhamisi njano ikarudi. Sekela, akiwa nyuma ya jiko, akajibu kwamba wema wa baba ni mkubwa mno, hawezi kuukalia. Irudi buluu.

Kufikia hapo Jailos alikuwa anazungumza na ndoo. Akaiambia kwamba haombi mengi, anaomba tu mmoja wa hawa watu wawili awe na roho mbaya. Angempakia huyo rangi yake na kazi ikaisha. Akajaribu mara ya mwisho. Akatoka barazani akamsihi mzee, "Tata, chagua wewe." Mzee akasema ameshachagua: anachotaka yule. Akazunguka jikoni. "Dada, chagua wewe." Sekela akasema ameshachagua: anachotaka baba. Jailos akaketi juu ya ngazi yake mpaka kukaingia giza, wala hakupaka kitu.

Ijumaa Bwana Liberatus akashuka kwenye lori, suruali imenyooshwa kwa pasi, daftari kwapani. Ukuta ulikuwa na njano ya jana. Akaugusa kwa kidole kimoja. Mikono minne ya chokaa kwa siku nne, mwezi wa saba, bila jua: kipande cha upana wa sahani kikadondoka, na pembezoni mwa tundu ikaonekana njano, buluu, njano, buluu, kama kitunguu kilichokatwa. Akauliza hii ni nini. Jailos akasimulia yote, hakuficha kitu.

Bwana Liberatus akacheka. Kumbe ni jambo dogo, alisema, wenye nyumba si wapo? Na hapo akafanya jambo ambalo mtu wa Rungwe, kwa Wanyakyusa, asingelifanya hata kwa kutishiwa bunduki. Alimshika mzee mkono barazani, akamwingiza ndani kama bwana harusi, kisha akaita kwa sauti kuu kwamba mama mwenye nyumba aje mara moja, mgeni wa Iringa anamhitaji. Jailos alipanua kinywa kumzuia, sauti ikachelewa. Sekela akaingia.

Aliona miguu ya mzee, na miguu ilimtosha. Akajifunika kanga uso mzima, akajibandika kwenye ukuta wa kushoto. Mzee akageuka upesi, akajibandika kwenye ukuta wa kulia. Kisha mwanamke akapapasa mpaka mlango wa nyuma akatokomea migombani, na Mzee Isakwisa, kwa kuwa Bwana Liberatus alikuwa ameziba mlango wa mbele, akatoka kwa dirisha, akiwa na koti, fimbo na miaka sitini na tatu. Nyuma yao njano ilibanduka pale walipojibandika, akabaki mtu wa buluu ukuta huu na mtu wa buluu ukuta ule, wamepeana mgongo.

Bwana Liberatus alizitazama zile picha. Akafungua daftari. Akasema kule Iringa wake za maofisa nao hawajui wanachotaka, na yeye anatafuta fundi anayejua mwenyewe anachotaka, awaambie. Angemuuliza swali moja. Akijibu vizuri, apande lori leo.

"Nyumbani kwako, fundi. Umepaka ya joto au ya baridi?"

Jailos aliitazama brashi yake, ile yenye nywele.

"Kwangu ni moshi wa kuni tu, bwana."