Nilimpima Shomari kwa utani wa nazi

Siamini bado, na safari hii nina sababu. Shomari alishatufia mara moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiwandani kwetu Chang'ombe. Halafu akainuka akaomba maji.

Kwa hiyo mkewe, Zuhura, aliponipigia jana asubuhi kusema presha imemwondoa, sikulia. Nilimuuliza, "Shemeji, kuna mtu alimchekesha?"

Msinishangae. Ngoja niwaeleze.

Shomari Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za mababu. Tulikuwa tunafunga katoni za sabuni meza moja. Jamaa alikuwa analala popote: amesimama, anakula, anaongea. Cha ajabu, mikono haikusimama. Macho yamefumba, katoni inafungwa. Ukiifungua unakuta sabuni upande mmoja na kofia yake upande wa pili.

"Mtu aliyelala hafungi katoni," forman wetu alisema. "Huyo anatusikiliza."

Na kipindi kile kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Kiwanda kinauzwa, mwekezaji anakuja, watu watapunguzwa. Tuliamini menejimenti imepandikiza mtu kati yetu. Mimi hata mpishi wa kantini nilimshuku, maana alianza ghafla kutuongezea nyama.

Basi siku moja tuko kantini nikamtupia Shomari utani: "Mzaramo akiangukiwa na nazi, anauliza kwanza kama imeshakunwa."

Akacheka. Taya likalegea, kichwa kikainama, magoti yakaishiwa nguvu, akateremka chini ya meza kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba.

Mmoja akasema kafa. Mwingine akasema kifafa. Wa tatu akasema Wanyamwezi wana dawa, akanigeukia mimi. Huku tunampepea, watu wakaendelea kumsema bosi juu ya kichwa chake, yale ya kusemwa na yasiyosemwa. Nani angemwogopa maiti?

Punde akainuka. "Nipeni maji. Na nimesikia yote."

Angenyamaza tu, jamani. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa naye. Ofisini walisema mlevi, wafanyakazi wakasema mpelelezi.

Mimi siamini maneno ya ofisini wala ya kantini, kwa hiyo nikaanza kumpima. Natupa ya nazi, akianguka nainama namtazama macho. Kope zilikuwa zinacheza, kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kujibu na mdomo umegoma. Akiinuka jibu lake ni lile lile: "Na wewe Mnyamwezi, bila mzigo hujui njia," akiwasema babu zetu wapagazi.

Nikasema hii si geresha. Hakuna mwanaume anayeigiza kudondoka, udelele unamtoka, mbele ya Zuhura wa idara ya lebo, ambaye Shomari alikuwa anamtaka kufa na kupona. Zuhura ndiye aliyekuwa anamfuta mdomo. Nilimshuku na yeye, lakini hilo tuliache.

Walipotangaza waliopunguzwa, Shomari alitajwa wa kwanza. Nikawauliza wenzangu, mpelelezi gani anafukuzwa?

"Danganya toto hiyo," forman akanijibu. "Kahamishiwa kiwanda kingine."

Kiwanda chenyewe kilikuwa genge la nyanya na vitunguu huko Kibamba, na wateja walikuwa wakimwamsha kwa kugonga meza.

Miaka mingi baadaye Zuhura alimpeleka kwa daktari wa ubongo. Niliongozana nao, maana madaktari nao siwaamini sana. Akatueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna seli chache ambazo kazi yao ni kushikilia swichi ya kuwa macho isiyumbe. Za Shomari zilikuwa zimekufa, ndiyo maana usingizi ulimwingia mchana bila hodi.

Akasema pia kwamba sote tukiota, ubongo huzima misuli ili tusizitende ndoto zetu. Kwa Shomari, kuzimwa huko kulimjia akiwa macho, akicheka tu. Mwili umezimika, akili iko macho, masikio yanasikia.

Shomari aliitazama mikono yake. "Kwa hiyo sikuwa mvivu," akasema. Akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Jana alasiri msibani pale Kibamba watani wenzangu, kama ilivyo desturi yetu, walikuwa wameshavaa kofia zake, wamelala mkekani wanafunga katoni za hewa. Waombolezaji wanacheka huku wanajifuta machozi. Jeneza lilipotaka kuinuliwa, nikasimama mbele yake.

"Maganga, unataka nini?" mjomba wake akaniuliza.

"Shikamoo, mjomba. Nataka kumwona uso."

"Hospitali wameshathibitisha."

"Hata kantini walithibitisha."

Watu wakaguna. Kutoka ndani nikasikia sauti ya Zuhura: "Mwacheni. Shemeji, mwambie."

Wakamfunua. Nikainama sikioni kwake nikamwambia ile ya nazi, taratibu, bila kuruka neno. Kisha nikatazama kope.

Nilizitazama mpaka mjomba aliponishika bega.

Shomari, mtani wangu, umeishi ukiamshwa na watu waliokushuku, na mimi nilikuwa wa kwanza kukuchungulia. Ulisema Mnyamwezi bila mzigo hajui njia. Jana nilikuwa nao begani, na njia ya makaburini sikuikosea.

Lala, ndugu yangu. Lala salama, hakuna atakayekugongea meza.