Siku Mjukuu Wangu Alipokuja Kunipima Akili

Birika liliungua, nakubali. Niliteleka maji, nikatoka kumtazama mbuzi aliyezaa, na mbuzi huyo ana mambo yake, marehemu mume wangu alirudi naye kutoka Konde siku niliyomtuma sukari, lakini hayo tuyaache. Niliporudi jikoni birika lilikuwa jeusi na mkono wake umeyeyuka. Habari ikafika Wete kwa binti yangu kabla moshi haujaisha.

"Mama hawezi tena kukaa Wingwi peke yake," akasema. "Nitamchukua kwangu."

Kwake ni ghorofani, ngazi nyingi, hata kuku huna pa kumfuga. Mimi nimezaliwa Wingwi, na ndiko ninakotaka kuzikwa. Ila binti yangu ni mwadilifu, akasema nipimwe kwanza. Mwanawe wa kike anasomea saikolojia huko Unguja, elimu ya akili za watu na tabia zao. Akaja na makaratasi yake, tukakaa barazani. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, baada ya kumng'ata mwalimu, kwa hiyo mtihani nauogopa tangu hapo.

"Bibi, tulia tu, hapa hakuna kufeli."

"Uliza, mke mwenzangu. Mume ulishaninyang'anya, sasa unataka na akili."

Akacheka, kisha akakaza uso kama karani. Akanitajia maneno matano niyashike, angeniuliza baadaye: sindano, mvua, kiti, pilipili, na jengine.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi, mfunguo tano."

Akatia mkasi, ile alama ya kukosa. Sisi miezi tunaihesabu tangu Ramadhani ilipofunguliwa, yeye alitaka mwezi wa kalenda ya ofisini. Ningejuaje?

"Una watoto wangapi?"

"Wawili watatu."

"Bibi! Wangapi hasa?"

"Wapo, tunamshukuru Mungu."

Mkasi. Sasa nani anahesabu watoto wake hadharani, husuda ipite isikie? Hata hapa siandiki. Akauliza mbuzi, nikasema vibuzi viwili vitatu, na nyuma ya nyumba walikuwa wakilia kundi zima.

Zikaja sentensi za tabia, yeye anasoma, mimi nijibu ndiyo au hapana.

"Mimi ni mtu mkarimu."

"Hapana." Nikamsogezea sahani ya tatu ya muhogo.

"Mimi ni mchapakazi."

"Hapana."

"Watu wananipenda."

"Waulize wao."

Ulitaka nijisifu mwenyewe? Nimelelewa mimi. Kisha akarudi kwenye yale maneno matano.

"Sindano," nikasema. "Mvua. Kiti. Pilipili." Nikakwama. Nikatazama dari, nikatazama miguu yangu. Hapo sikuwa nafanya adabu wala sikuwa naogopa kijicho. Sikulijua.

Asubuhi yake binti yangu akafika na begi tupu la kunifungashia. Mjukuu akasoma: bibi hajui mwezi, hajui idadi ya watoto wake, na kwa tabia ni mchoyo, mvivu, hana marafiki.

"Subiri," binti yangu akasema. "Ulimuuliza watoto? Ulitaka akuhesabie?"

"Ndiyo swali lenyewe, mama."

"Swali gani la kukosa haya!"

"Haya, wewe unao wangapi?"

"Wapo wapo, alhamdulillahi."

"Na wewe ni mkarimu?"

"Mimi? Mimi nina nini cha kumpa mtu?"

Nilicheka mpaka ushungi ukanivuka.

"Mfungashe na yeye," nikamwambia mjukuu. "Mama na mwana akili zimetutoka pamoja. Ghorofani tutakwenda sote, utulinde wewe."

Binti yangu akataka kukasirika, akashindwa, akakaa kitako. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na maneno ya kukumbuka?"

Mjukuu akanitazama. Nami nikautazama muhogo.

"Manne aliyataja bila kusita," akasema.

"Manne! Mimi nisingeshika hata mawili."

Begi likarudi Wete na muhogo na mayai. Wiki ile ile binti yangu akaniletea birika jipya, maji yakichemka linapiga mluzi mpaka mbuzi wanakimbia.

Siku ya kuondoka, nilimsindikiza mjukuu mpaka Konde. Gari inataka kutoka, akaninong'oneza:

"Bibi, na lile la tano?"

"Nalijua. Sikwambii."

Silijui. Hata sasa, nikilala chali mchana, nalitafuta. Nikimpigia simu atanitajia, lakini atajua kwamba sikulijua. Ngoja, birika linapiga mluzi.