Kitufe cha Dereva wa Shule

Dereva wa basi la shule aliendesha miaka ishirini na miwili bila kugonga hata ndoo. Kisha akapata kiharusi. Macho yalibaki mazima. Zilizoharibika ni njia za ubongoni zinazopeleka picha, na upande wote wa kushoto ukapotea. Alipogonga fremu ya mlango kwa bega, aliiomba radhi.

Daktari alimwandikia vipindi arobaini vya oksijeni katika chumba cha shinikizo. "Siahidi kitu," alimwambia. "Tiba hii bado inachunguzwa. Wengine wanapata nafuu kidogo, wengine hawapati." Dereva alibeba neno nafuu, mengine akayaacha palepale.

Chumba chenyewe ni tangi la chuma lenye viti vinne. Unaacha saa na simu nje, hujipaki mafuta, unavaa barakoa. Hewa ikianza kukandamiza, masikio yanaziba na unameza mate. Dereva alimeza mate siku arobaini.

Siku ya kipimo cha kuona, mbele ya mashine, alitakiwa kukazia macho nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila aonapo mwanga. Akifaulu, analirudia basi. Kulia aliona. Kushoto hakuona, ila alikuwa ameshaushika mwendo wa mashine, akabonyeza kwa kukisia. Huo ni udanganyifu, hata ukifanywa na mtu mpole.

Jioni mkewe alimwuliza, "Baba watoto, mbona hunywi chai?"

"Hujaniletea."

"Iko kushoto kwako, imeshapoa. Kipimo je?"

"Nimebonyeza vizuri."

"Nakuuliza kuona, unanijibu kubonyeza!" Akakisogeza kikombe kulia. "Na angekuwa mtoto wa watu hapo?"

Chai hakuinywa.

Asubuhi alirudi kwa mpimaji. "Dada, jana nilibonyeza uongo."

"Najua, mzee wangu. Kuna wakati mashine haiwashi taa makusudi. Ulibonyeza mara tisa, gizani."

"Sasa mbona ulininyamazia?"

"Nilikuandikia urudie leo. Karatasi nilikuwekea mezani, kushoto."

Alirudia, safari hii kwa haki. Sehemu anayoona ilikuwa imeongezeka upana wa kidole. Hilo halitoshi kuendesha basi. Mchana huohuo aliukabidhi ufunguo shuleni, bila hotuba.

Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa watoto ndani ya basi lilelile. Anakaa dirishani kushoto kabisa, ili wote wawe kulia kwake. Wakishuka anawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Akimaliza anageuza shingo kushoto, anatazama tena.