Siku Tatu Alizoomba Kristina

Usharika wetu wa Mwera una tabia moja inayonikera kwa muda mrefu: tunapenda kumpongeza anayeteseka kuliko kumpunguzia mateso. Kwaresima iliyopita tuliamua kumtunuku Kristina cheti chenye fremu, kitenge na saa ya ukutani, kwa sababu ametimiza miaka tisa akimuuguza mumewe, Asheri, bila kunung'unika.

Hilo la kutonung'unika ni uzushi, na aliyelizua hajawahi kufika kwake. Kristina hunung'unika tangu alfajiri, na kwa jirani husikika vizuri. Humwambia Asheri kwamba amekuwa mzito kama gunia la nazi, na kwamba kiharusi kilichompooza upande wa kulia kilisahau kugusa hamu yake ya samaki. Asheri, ambaye zamani alikuwa fundi wa mtambo wa kuchakata mkonge, hucheka kwa nusu ya uso. Maneno yaliyombakia ni machache, naye huyatumia kwa uangalifu: "Maji." "Chumvi." "Muongo." Hilo la mwisho ni la mkewe. Wakati huohuo mikono ya Kristina haisimami. Humgeuza, humwosha, humpaka mafuta ya nazi mgongoni. Kwa miaka tisa ngozi ya mtu yule haijapata kidonda hata kimoja.

Siku ya kumtunuku, Mzee Fanueli, mzee wa kanisa ambaye sala zake huwafanya watoto walale, alisimama mbele kwa kituo.

"Ndugu zangu, tazameni mwanamke aliyeubeba msalaba wake akitabasamu!"

Tulipiga makofi. Kristina akapokea zawadi, akageukia watu.

"Shikamoo, Mzee Fanueli."

"Marahaba, mama."

"Kitenge ni kizuri, nitakishona. Lakini kwaya inakwenda Maramba baada ya Pasaka, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na mimi sijaimba nje ya Mwera tangu Asheri aanguke. Ninachoomba ni siku hizo tatu. Binti yetu Ritha ameolewa Songea, hawezi kuja. Jirani yangu Zuleha amekubali kupika. Kumwogesha hawezi, Asheri si mume wake. Ninaomba mwanamume mmoja."

Watu walicheka, kisha wakagundua kwamba hatanii. Wazee wanne wa kanisa walikuwa benchi la mbele. Mmoja alitazama dari, mwingine akapata kazi ya haraka kwenye kamba ya kiatu. Mimi, mwanamke, niliinuka bila kuombwa.

"Wanaume wa usharika huu mna mikono ya kupigia makofi tu? Mke akimwosha mume tunasema ni wajibu. Ninyi mkiombwa kumwosha ndugu yenu kwa siku tatu, imekuwa muujiza?"

 Alasiri ile Mzee Fanueli alibisha hodi kwangu, akaniomba nimsindikize kwa Kristina. Nilikwenda, hasa kuhakikisha hapotei njia.

Tulimkuta Asheri kitandani, Zuleha akiwa mlangoni na bakuli la kachori. Fanueli alieleza kusudi lake kwa heshima zote. Asheri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja.

"Hapana."

Akageuza uso ukutani. Kristina alitutoa hadi ukumbini, na hapo ndipo nilipojua nilichokuwa sikijui. Miaka ya mwanzo walikuja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote Asheri aliwakataa. Mtu ambaye hata kazini hakuwahi kuvua shati mbele ya wenzake asingekubali kuvuliwa nguo na mwingine.

"Mbona hukutuambia?" nilimuuliza.

"Nitangaze kanisani kwamba mume wangu anaona aibu? Mngemwombea kwa kipaza sauti."

Nililazimika kuyameza baadhi ya maneno yangu ya asubuhi. Si yote: baada ya yule wa tatu, hakuna aliyekuja wa nne.

Kristina alilirudisha joho la kwaya kwenye sanduku.

"Imba hapahapa, shoga," Zuleha alimwambia, "mimi nitakupigia vigelegele, na kachori utakula."

Kesho yake Kristina aliosha vyombo uani huku akiimba wimbo wa Maramba. Yeye huimba sauti ya pili, na sauti ya pili ikiwa peke yake haifanyi wimbo. Hupanda kidogo, hushuka kidogo, husubiri wenzake. Alifika mahali pa kusubiri, akanyamaza, akahesabu, akaendelea. Alirudia mara tatu. Kutoka ndani Asheri akaita.

"Fanueli."

"Fanueli amekwenda zake, Baba Ritha. Umemfukuza mwenyewe," Kristina alisema akiingia.

"Fanueli," Asheri alirudia, macho kayafumba kama mtu anayesubiri sindano. "Aje. Imba."

Kristina aliniambia baadaye kwamba alikaa chini palepale, sufuria mkononi. "Siku ya ndoa tuliapa wawili," alisema. "Watu huniona mimi tu ninayetimiza. Mimi nilitoa mikono. Yeye ametoa kile alichokuwa amebakiwa nacho, stara yake."

Wiki nzima Fanueli alikwenda kufundishwa, na Kristina hakumhurumia. Siku ya kwanza alimlaza mzee wa kanisa mkekani.

"Lala. Sasa nikugeuze, uone raha ya kuvutwa mkono."

"Taratibu, mama! Bega!"

"Ndiyo. Na Asheri hawezi kusema 'bega'. Kwa hiyo usivute."

Zuleha alicheka hadi akaegemea ukuta. Asheri naye alicheka, na kicheko hicho, nadhani, ndicho kilichomsaidia kuvumilia siku ya pili, Fanueli alipoingia na ndoo na taulo. Saa ya ukutani ilitundikwa mkabala na kitanda: kila baada ya saa mbili, mgonjwa ageuzwe.

Ijumaa ya safari Kristina alivuka mto kwa kivuko akiwa amevaa kitenge kilichoshonwa. Jumamosi, walipomaliza kuimba, alipiga simu kutoka Maramba.

"Ameoga?"

"Ameoga, mama. Ila mimi nimeoga zaidi."

Jumapili alasiri nilikuwa kwao tulipomsikia akiimba tangu barabarani, sauti ikiwa imekauka. Asheri alikuwa safi, amevalishwa shati jeupe, na kidevuni ana mikato miwili.

"Mmemchinja mume wangu!"

"Alicheka nikiwa katikati ya kunyoa," Fanueli alijitetea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na shati lake lilinuka mafuta ya nazi.

"Alikusumbua?"

"Hata kidogo."

"Muongo," alisema Asheri.

Kristina alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamshika mumewe mkono ulio mzima na kuanza kumsimulia Maramba yote, kuanzia kwaya zilizokosea hadi wali uliopikwa bila nazi. Mshale ukafika saa kumi. Aliinuka kwa mazoea, lakini Fanueli alikuwa ameshapanda upande wa pili wa kitanda.

"Keti, Mama Ritha," alisema, akiweka mkono chini ya bega bila kuvuta. "Zamu yangu haijaisha."