Reli Iliyomeza Tairi Langu

Tairi la mbele liliingia katikati ya chuma na simiti, likakwama. Mimi nikaanguka upande wa kushoto na mitungi minne ya maji, baiskeli ikanilalia mguu. Nilipouvuta mguu, akala yangu, ile ndala ya tairi la gari, ilikuwa imebanwa ndani ya ule ufa, na mkanda wake umekaza nyuma ya kisigino. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Treni ya mizigo ikapiga honi pale kwenye kona ya mwisho.

Nimesikia watu kanisani wakishuhudia kwamba mtu akikaribia kufa anaona maisha yake yote. Mimi sikuona maisha yoyote. Niliona mtungi mmoja umepasuka na maji yanaingia kwenye kokoto, nikaona uchungu kwamba maji yanapotea.

"Wachana na baiskeli!" mtu akapiga kelele kutoka dukani.

Nani alikuwa ameishika? Ni yenyewe ilikuwa imenishika.

Aliyekuja ni mama mmoja anayeuza maparachichi ya Kilungu kando ya reli, mama mkubwa wa mwili, anayetembea polepole siku zote. Siku hiyo alikimbia. Mkononi alikuwa na kile kisu cha kupasulia tunda ili mteja aonje. Akakata blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia mitungi. Ukaruka ukanichapa usoni, mitungi ikabingirika, baiskeli ikawa nyepesi. Akanishika kwapani.

"Toa mguu, baba! Wacha kiatu, toa mguu!"

Nikatoa mguu, lakini haukuwa mbali vya kutosha. Treni iliigonga baiskeli nyuma, ikaizungusha, na fremu ikaja kunipiga mguu nikiwa bado navutwa. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto daktari alimalizia kuvikata hospitalini. Mama wa maparachichi alikaa chini kwenye kokoto na kisu chake, akasema tu, "Ngai wakwa," yaani Mungu wangu, akarudia, akarudia.

Sasa ngoja nirudi nyuma, kwa sababu mimi silaumu treni. Treni haina usukani. Inapita mahali ilipowekewa chuma. Ninaowalaumu wana usukani, wana viti, wana kalamu.

Mimi ni mtu wa Kitui, huko ndani ambako hakuna reli. Shule niliachia darasa la sita. Nilikuja Makueni nikiwa kijana kutafuta kazi, nikapata ya kubeba maji kwa baiskeli, nikapata na mke kutoka Nunguni, nikakaa. Kituo chetu cha biashara kiko chini ya Malili, unapoelekea njia ya kupanda Kilungu. Kisima kiko upande mmoja wa reli ya zamani. Mahoteli na nyumba za watu ziko upande wa pili. Kwa hiyo mbeba maji anavuka reli hata mara kumi kwa siku, na kila mara ya pili amebeba mitungi minne, miwili nyuma kwenye keria, mmoja mmoja pembeni.

Kazi yetu ina sheria moja: mwenye mzigo hashuki. Anayecheka sheria hiyo hajawahi kushika baiskeli yenye mitungi minne. Ukishuka, inakulemea, inaanguka kama ng'ombe mgonjwa, na huwezi kuiinua peke yako mpaka umwage nusu. Kwa hiyo tulikuwa tunakata reli. Barabara yetu haikutani na reli sawasawa, inaikuta kimshazari. Mtu akifuata barabara vile ilivyo, tairi linalala kwenye chuma. Tulifundishwa na wale waliotutangulia: ukikaribia, toka kulia kwenye vumbi, zunguka, halafu ije reli mbele yako imekukingamia kama mti unaotaka kupasua. Unapita juu yake, kata, kata, umevuka. Na kule kuzunguka ndiko kulikuwa kutazama kwetu. Ukiwa pale nje unaona reli pande zote mbili mpaka kwenye kona. Hakuna mbeba maji aliyewahi kukanyagwa na treni hapo, na wengine walizeekea kazi hiyo.

Halafu wakaja kuturekebishia.

Walikuja mafundi wa kivuko na kofia za plastiki. Wakang'oa mbao nzee za mataruma zilizokuwa zimejaza nafasi kando ya chuma, wakamwaga simiti, na kati ya simiti na chuma wakaacha ufa. Ufa wa gurudumu la treni, walisema. Sawa, treni lazima ipite. Lakini ufa huo ulikuwa mpana kuliko tairi langu. Niliingiza mkono ukazama, na bado nafasi ilibaki. Halafu pande zote mbili za barabara wakasimamisha nguzo fupi za simiti, nyekundu na nyeupe, ili malori yasitoke nje. Pale pale tulipokuwa tunazungukia.

Wa kwanza ninayemtaja ni msimamizi wa kazi hiyo, yule wa kofia nyeupe na miwani ya jua. Nilimfuata kabla simiti haijakauka. Nilikuwa nimeleta maji, na maji hayo ndiyo walikuwa wakikorogea.

"Bosi," nikamwambia, "hii nafasi itameza tairi. Na hizi nguzo zinatuzuia kukata."

"Kukata nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Aliwatazama vijana wake, wakaanza kucheka kabla hajasema.

"Mzee, ulisomea uinjinia wapi? Huko kisimani?"

"Sikusoma. Lakini napita hapa kila siku."

"Basi shuka usukume, kama binadamu wengine."

"Na mitungi minne?"

"Beba miwili! Ama nunua punda!"

Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka kidogo, na hiyo ndiyo inanichukiza mpaka leo, kwamba nilicheka nao. Mtu maskini akitukanwa na mwenye kofia, anacheka ili asionekane ametukanwa.

Siku ya kufungua walikuja na gari kubwa. Mkubwa wa ofisi yao, huyo ndiye wa pili ninayemtaja, alishuka, akapigwa picha kando ya bango jipya lililoandikwa SIMAMA, TAZAMA, SIKILIZA. Akatia sahihi karatasi juu ya boneti ya gari. Kazi imekamilika. Hakuvuka reli. Nasema tena, hakuvuka hata kwa miguu, alisimama upande ule ule aliokujia. Halafu wakaenda hotelini kula mbuzi, wakanawa mikono kwa maji yangu.

Baada ya hapo tukaanza kuanguka. Mtu wa makaa alianguka na magunia yake, bahati hakukuwa na treni. Mwalimu mstaafu alipoteza meno ya mbele. Mwenzangu mmoja wa maji alikwama, akachomoa tairi, akavuka, na treni ikapita nyuma yake. Alikaa siku mbili bila kubeba maji. Tukapeleka barua ofisini kwa naibu wa chifu, niliyoiandika mimi kwa mkono wangu na mwandiko wangu wa darasa la sita. Akaigonga muhuri, akaitia kwenye droo.

"Imefika," akasema.

"Imefika wapi?" nikauliza.

"Imefika hapa."

Huyo ni wa tatu. Na si kwa droo tu. Nilipotoka hospitalini na magongo, nilikuta ameandika ripoti ya ajali yangu. Mama wa maparachichi ndiye alinisomea, kwa sababu mimi macho yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. Iliandikwa kwamba mwendesha baiskeli alikuwa mlevi.

Mlevi! Saa nne ya asubuhi, na maji ya hoteli keria. Pombe ya kaluvu niliacha kabla ya kuoa, na kanisa zima linajua. Sikulewa. Niliiona ile reli vizuri. Nilijua tairi litalala. Nilijaribu kukata katikati ya zile nguzo mbili, katika nafasi isiyotosha kukata, kwa sababu nilikuwa na mzigo na mwenye mzigo hashuki. Kama hilo ni kosa, basi ni langu, nalibeba. Lakini ulevi siubebi.

Naibu nilimwendea.

"Ulininusa?" nikamuuliza.

"Mzee, hiyo ni maneno ya kujaza fomu tu. Usiweke moyoni."

"Wewe uliweka kwenye fomu, mimi niweke wapi?"

Akaangalia simu yake. Hata mate ya kumtemea yalinikauka mdomoni.

Haya yote ningeyameza. Nimemeza mengi. Lakini baiskeli ilitengenezwa, fundi akanyoosha fremu, akaweka gurudumu jipya la nyuma, na mimi siwezi tena kukanyaga pedeli. Anayebeba maji sasa ni mke wangu. Alijifundisha kwenye uwanja wa kanisa, sketi ameifunga na blada, watoto wa majirani wakimpigia makofi. Alianza na mitungi miwili. Juzi nilimwona anafunga ya tatu.

"Baba, usiniangalie hivyo," akaniambia. "Mahoteli yanataka maji."

"Shuka kwenye reli."

"Na wewe ulishuka?"

Huwa natoka na magongo, nakaa na mama wa maparachichi, naangalia ile kona. Mke wangu akitokea, mama anashika kisu. Mke wangu anafika kwenye nguzo, anapunguza, tairi linayumba juu ya ule ufa, anapita. Mama anaweka kisu chini. Baada ya muda mke wangu anarudi na mitungi mitupu, na baadaye anakuja tena imejaa.

Kwa hiyo wewe wa kofia nyeupe, na wewe uliyetia sahihi juu ya boneti, na wewe wa droo, mnajijua. Sitaki pole, na msiniletee unga. Njooni hapa saa nne asubuhi, nitawafungia mitungi minne mimi mwenyewe, mmoja wenu apande avuke kama mlivyotujengea, wenzake wakimtazama. Akishindwa, mzing'oe hizo nguzo siku hiyo hiyo na kuujaza ule ufa mpaka ubaki wa gurudumu la treni peke yake. Na mkikataa kuja, basi niandikieni, kwa fomu na kwa muhuri, ni nani kati yenu atakayejibu siku mke wangu atakapokwama pale na kisu cha mama kikachelewa.